Kisiwa Kisichotajwa

Kilindoni, Jumanne

Kumbe kosa halikuwa picha. Siku mbili nimeshinda nazipunguza ukubwa ili tovuti ya nyumba ya wageni ya Bi Mwanaidi ifunguke haraka, na bado mtu akitafuta malazi Mafia, sisi hatutokei.

Leo nikasoma maneno aliyoniandikisha. "Karibuni kisiwani kwetu," kila ukurasa. Jina Mafia halimo popote!

Nikamwambia. Akacheka. "Kwani mwanangu, nani asiyejua tuko wapi?"

Nilikasirika. Msimu wa papa potwe umefika, wageni wa hifadhi ya bahari wanapita mlangoni petu, vyumba vitupu. Nimeliingiza jina. Labda wiki ijayo tutaonekana, sina hakika.

Halafu nikapekua daftari hili, ninaloliandika miaka minne sasa tangu nihamie hapa kutoka Dodoma. Nami jina hilo nimeliandika leo tu.