Kamba Sasa Iko kwa Esperansi

Bujumbura, Kamenge

Baba,

Tamaya amekufa. Masasi ya bunduki ilimupata mu shingo, akiwa amesimama, ameshika kamba yangu. Mi nilikuwa chini mu shimo. Tumemuzika.

Sasa nakusalimia. We na mama muko namna gani? Mugongo inakuachia ulale? Mvua ilipita huko Kelari hata siku moja? Mi niko muzima wa mwili. Naandika Kiswahili juu luga yetu hakuna mutu anaiandika. Yule muuza chumvi akusomee, polepole, asiruke kitu. Kama anaona haya kumusomea baba kifo cha mutoto wake, mwambie ni mi mukwe wako nimesema asome.

Hapa vita inaendelea. Kule milimani bunduki, huku mu muji bunduki. Robine za maji zimekauka tangu bomba ilikatika huko juu. Ziwa iko, kubwa, unaiona kabisa, lakini njiani kuna bariyeri ya watu wa bunduki, na mutu anaweza kwenda na bidon ya maji asirudi. Watu wanakunywa maji ya mutaro. Watoto wanaharisha, wengine wamekufa. Njo maana mi na Tamaya tulianza kuchimba kisima nyuma ya nyumba ya Esperansi.

Esperansi ni jirani, mujane, anauza makala ya kupikia. Ana mudomo. Siku tulianza, nikiwa ndani mupaka kiuno, alikuja kusimama pale.

"We mutu wa jangwa! Ziwa yote ile, unatafuta maji mu shimo kama panya?"

"Nenda basi, uchote."

"Ee! Unataka nife, ubaki na makala yangu?" Akamwita Tamaya. "Na we dada, hunijibu? Bwana yako amekukata ulimi?"

Tamaya akanyamaza, amemupa mugongo. Nilipotoka nikamwelezea Esperansi: kwetu, mutu akiwa chini, mushika kamba anasimama. Hakai, haongei, hageuki.

"Na mukojo?"

"Anazuia."

"Mungu wangu. Hiyo si kazi, hiyo ni gereza."

Tamaya akacheka mupaka akakaa chini. Toka hapo wakawa marafiki.

Siku ile nilikuwa chini sana, udongo imeanza kulowana. Nikasikia masasi, kama mahindi inapasuka mu moto. Kamba ikavutwa mara moja. Unajua, baba: moja ni kaa, usipande, usiulize. Nikakaa. Ulinifundisha vizuri, nikakaa. Kisha kamba ikalegea yote, ikaniangukia kwa bega. Kisha ikakazwa tena. Lakini haikuwa mukono yake. Ilikuwa nzito, inatetemeka, inavuta bila kupima. Nikajua nikiwa kule chini.

Watu walilala chini wote. Walimuita Tamaya, lala, lala. Hakulala. Akaanguka na kamba. Esperansi akatambaa kwa tumbo, akamufikia, akashika kamba, hakuiachia mupaka bunduki zikanyamaza. Kuvuta hakujua. Alijua tu kwamba haiachiliwi. Wanaume wa jirani wakamusaidia kunitoa. Nilipofika juu mikono yake ilikuwa imechubuka yote, na kamba bado iko ndani yake.

Waislamu wa kartie, mutaa yetu, walimuosha Tamaya vizuri, wakamuswalia.

Sheria naijua. Mushika kamba akifa, shimo inafukiwa. Muchimbaji anarudi nyumbani, anaanza tena kujifunza kama mugeni, anashika kamba ya mwingine mupaka fundi amwambie shuka. Na kamba haitoki mu kabila yetu. Najua. Ni we ulinifundisha.

Sitafukia. Udongo imelowana, baba. Nimeionja, haina chumvi. Nikifukia, Tamaya alisimama pale bure. Na usinitumie mutu wa kushika kamba, barabara ni mbaya, atakufa njiani.

Kamba nimemupa Esperansi.

Nimemufundisha vile ulinifundisha. Nimeshusha ndoo na jiwe ndani, nikamwambia ashike toka asubui mupaka jua iingie. Saa ya kula akaniangalia.

"Na chakula? Nitakula na miguu?"

Nikakumbuka siku yangu ya kwanza kwako. Mikono yangu kwa kamba, jiwe chini, midomo imepasuka. Tamaya akaja na sahani, akanilisha kimya, hata jina yake sikuijua. Alikuwa ananipa tonge kubwa kubwa, makusudi, nione haya kutafuna. Njo vile nilimupata bibi.

Nikakata bugali, nikamulisha Esperansi kwa mukono wangu. Watu wa kartie wakapiga kelele.

"Watasema nimekuwa bibi yako," akasema, mudomo imejaa.

"Waseme. Usigeuke."

"Sigeuki. Chumvi iko wapi mu hii mboga?"

Lakini hakugeuka. Bunduki zililia kule juu, mbali, magoti yake yakatetemeka, na jiwe haikugusa chini. Jioni nikamuuliza kama anaogopa.

"Naogopa sana," akasema. "Na we?"

Nikamwambia mi pia. Nikamwambia kwamba mutu anayetetemeka na haachii, huyo njo mushika kamba. Hayo ni maneno yangu, si yako. Kama ni mabaya, nitayabeba mi.

Kama utasema mi si wa nyumba yako tena, sema. Nitasikia, nitanyamaza. Lakini kisima itatoka maji kwanza.

Pale kamba ilishika damu nimeikata. Kipande iko ndani ya hii barua. Mupe mama, asiioshe. Ncha mbili nimezifunga fundo ya kwetu, na nimening'inia hapo mwili wangu wote. Inashika.

Musalimie mama mukwe, mwambie mutoto wake hakuangusha mutu. Musalimie shemeji mukata chumvi, aache kuchimba peke yake kule bondeni. Musalimie shangazi mushona viriba, kiriba yake bado haivuji, njo tulimupelekea nayo Tamaya maji ya mwisho ya kumuosha. Na wanafunzi wako wote wenye wako kwa kamba sasa hivi: waambie wasikae chini.

Maji ikitoka, ya kwanza nitamwaga chini kwa jina ya Tamaya, ya pili anakunywa Esperansi. Utachagua mwenyewe kama utakasirika.

Ni mi, Idaru, mukwe wako, uliyemupa kijembe ya kuchimbia.

Kesho asubui narudi kazini.