Panya Wasiougua

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba bado una nguvu za kugombana na jirani kuhusu kuku wake. Mimi ni mzima, ila upweke unaniandama, hasa jioni nikirudi chumbani kupika chakula cha mtu mmoja. Mkono haujazoea; kila mara nazidisha.

Shemeji alinipigia simu akaniambia umeumia sana kusikia kazi ninayofanya. Alisema uliuliza inakuwaje nawalisha wanyama waliomuua mwanao. Swali hilo ndiyo sababu ya barua hii, maana kwenye simu ningelia tu.

Ni kweli, Mama, natunza panya wa maabara. Navaa barakoa nzito na glavu mbilimbili, naingia kwenye chumba cha vizimba, nawabadilishia maranda na maji. Baadhi yao wana kirusi cha hanta, kilekile alichovuta mume wangu tulipofagia ghala la mahindi. Kilikuwa kwenye vumbi, katika mkojo na mavi ya panya yaliyokauka. Yupo mmoja tunamwita Bi Harusi kwa jinsi anavyotembea kwa madaha. Anacho tangu alipoletwa, na anakula, ananenepa, hana hata kikohozi. Siku ya kwanza nilimchukia.

Nilimuuliza daktari wa hapa, mwanamke mpole asiyechoshwa na maswali, kwa nini mnyama huyu hadhuriki. Akanieleza kwamba mwili wa panya unakitambua kirusi vizuri tu, lakini una chembe za kinga ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Kinga inapambana kidogo, kisha inapunguza makali. Kirusi hakiondoki, panya haugui, na wanaishi pamoja mpaka mwisho huku panya akikisambaza. Kinga yetu sisi hupandwa na hasira. Katika vurugu hiyo mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, na mapafu yanajaa maji.

Nikamkumbuka mwanao alivyokuwa akivuta pumzi kitandani, ameketi wima, akinikataza nisikupigie simu usije ukapandwa na presha bure. Nikauliza kama kinga yake ilikuwa dhaifu. Daktari akasema la, ilijitahidi kupita kiasi. Nilitoka nje nikalia, maana huyo ndiye yeye hasa. Hakuwahi kufanya jambo nusunusu.

Ndiyo maana nawalisha. Hapa wanatafuta namna ya kuituliza kinga ya mtu kabla haijamwangusha mwenyewe. Bado hawajaipata.

Sasa lipo jambo ambalo nataka ulisikie kwangu, si kwa mtu mwingine. Kila anayeanza kazi hapa hupimwa damu, na yangu ilionyesha kuwa hanta ilishanipata mimi pia. Ile homa niliyodhani ni uchovu wa kuuguza ndiyo ilikuwa yenyewe. Tulivuta vumbi moja. Mimi nikapona bila kujua, yeye akaenda. Daktari anasema mwili wangu ulikifukuza kirusi, sikubaki nacho kama panya, na siwezi kumwambukiza mtu. Ila nilipomuuliza kwa nini mimi, aliniwekea mkono begani. Tangu hapo nawaachia damu yangu kidogo kila wanapoihitaji, wailinganishe na ya Bi Harusi.

Najua ukiniona mlangoni utajiuliza hilohilo. Najiuliza mimi mwenyewe kila ninapoamka.

Likizo yangu inaanza mwisho wa mwezi. Natamani kulala kile chumba cha nyuma, nikusikie asubuhi ukifungua madirisha na kuniita kwa jina la mume wangu kwa kukosea, kama ulivyozoea. Sitakuja bila ruhusa yako. Ikiwa moyo umekataa, mwambie shemeji anijulishe, nitaelewa. Ikiwa bado mimi ni mwanao, nipigie wewe mwenyewe.

Nisalimie wote wa nyumbani, wakubwa kwa watoto. Mungu akulinde.

Mimi mkaza mwanao,
ninayekukumbuka.