Kwa Yaya Masika, juu ya sauti iliyokatika Beni

Yaya Masika,

Ni mimi, Kasereka, niliyekuita Yaya kama dada mkubwa. Nimechelewa kukuandikia, na nimechelewa katika mambo makubwa kuliko barua. Nimekaa mbele ya ordinatere, ile kompyuta yetu, hapa kituoni kwetu Butembo, tunapofundisha wasioona. Kiti chako kiko kando yangu, hakuna anayethubutu kukikalia. Mvua imenyesha tangu asubuhi na wanafunzi wako wamesharudi nyumbani.

Nianze na habari. Mama yako yuko mzima kule Musienene, ingawa mgongo unamsumbua. Kanyere, yule mjane asiyeona uliyemfundisha kuandika, sasa ndiye anayefundisha katika saa zako. Anagombeza watu kama wewe. Na ile pilote, ile programu ndogo inayochukua maneno yaliyo kwenye kioo cha kompyuta na kuyatoa kama sauti, imerekebishwa. Inafanya kazi vizuri.

Hapo ndipo inabidi nikuambie jambo ambalo ulikufa bila kulijua. Siku ile ya Beni hukukosea, Yaya. Ni mimi niliyekosea.

Unakumbuka tulivyokuwa tunajaribu. Watu wa mbali wanaoitengeneza walitutumia pilote mpya pamoja na orodha ya mambo ya kujaribu: sauti ianze, ikatike mara unapofinya ufunguo, yaani kitufe cha mashini, iende haraka, iende polepole, isome herufi moja moja, itoke Kiswahili iingie Kifaransa halafu irudi. Wewe ulisikiliza, mimi niliandika. Hata nilipojaribu peke yangu, ulirudia yote nyuma yangu. Hilo liliniudhi. Nilijiambia, mimi mwenye macho mawili na diplome, kwa nini mwanamke asiyeona anisahihishe? Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyowaza. Siku moja nikakuambia, "Yaya, uniamini hata mara moja." Ukacheka. "Bon, Kasereka, hii ni ya kwako. Mais kitu kenye haukusikia, usiseme ulisikia."

Ilikuwa Jumamosi. Mtaa wetu ulikuwa na mechi, na rafiki zangu walikuwa wananipigia filimbi pale nje. Nilijaribu ya kwanza kwanza, yote sawa. Ile ya Kiswahili na Kifaransa ilihitaji maandishi marefu ambayo bado sikuwa nimeyaandaa. Nikaweka alama. Nikaweka alama mpaka chini, bila kujaribu. Ukauliza kutoka chumba cha pili kama nimemaliza, nikajibu, "Yote iko sawa, Yaya." Tukashinda mechi. Nilicheza vizuri sana siku hiyo.

Jumatatu tukaenda Beni, kwenye ile shule ya Mulekera. Wazazi wenye watoto wasioona walijaa kwenye benchi. Direkteri, mkuu wa shule, alikuwa amesema wazi kwamba akiona mtu asiyeona anasoma na kuandika kwa mashini, atapokea watoto wao mwezi wa tisa. Ukafungua barua aliyoandika Kanyere. Sauti ikaanza, Kiswahili safi, watoto wakacheka kwa kushangaa. Ikaingia kwenye sentensi ya Kifaransa, ikaisoma. Ilipopaswa kurudi kwenye Kiswahili, ikanyamaza.

Ukafinya. Kimya. Ukazima, ukawasha, ukaanza upya, ikafia palepale. Jasho likakutoka. Mimi nilijua papo hapo ni mstari gani wa ile orodha.

Direkteri hakukuuliza wewe. Aliniuliza mimi, "Monsieur, ni mashini ao ni yeye?"

Nikasema, "Amechoka na safari."

Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ukasikia. Direkteri akafunga daftari lake, akasema tutaona mwaka ujao. Wale wazazi wakainuka taratibu, wakawashika watoto wao mkono.

Katika gari ukaniambia, "Pengine nilifinya mubaya. Nimekupatisha haya." Na mimi nikajibu, "Si kitu, Yaya." Nikakusamehe kosa langu mwenyewe. Sijui mtu anaitwaje anayefanya hivyo.

Kuna jambo baya zaidi. Wiki ya pili nilipita mlangoni kwako nikasikia funguo. Mashini ilikuwa imezimwa. Ulikuwa unafinya ufunguo uleule, mara kwa mara, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, wewe uliyetufundisha sisi wote. Ukainua kichwa. "Ni nani?" Nikarudi nyuma polepole kwa ncha za viatu, kwa sababu nilijua huwezi kuniona. Nimefanya mabaya mengine maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Homa ilipokushika nilisema nitakuambia ukipona. Siku ya tatu hukuwa tena unamtambua mtu. Siku ya tano tukakuzika.

Kwenye matanga mama yako alinishika mkono mbele ya watu wote. "Wasingya, asante, mwanangu, ulimuvumilia. Mpaka mwisho alikuwa na haya juu ya Beni." Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni huzuni.

Baada ya misa yako ya siku arobaini nikashindwa kuendelea kuficha. Nilikaa nikajaribu orodha yote, mstari kwa mstari, kwa maandishi marefu. Ikafia palepale. Nikawaandikia wale wa mbali nikaeleza kosa, na nikaeleza kwamba alama nilizotuma zilikuwa za uongo; wakairekebisha. Kisha nikapanda Musienene. Mama yako alikuwa anachagua maharagi. Nilimwambia yote nimesimama, maana sikuweza kukaa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mutoto wangu alikufa anaomba musamaha juu ya kosa yako." Akaendelea na maharagi. Nilipoaga akasema, "Leo sina neno. Utarudi."

Nikaenda na Beni pia. Direkteri alikasirika, na ilikuwa haki yake. Lakini alikubali Kanyere aje ajaribu mbele yake. Nilibaki nje, sikutaka uso wangu uonekane. Barua ileile, Kifaransa kikaingia, Kiswahili kikarudi. Amepokea watoto watatu. Mwaka mmoja umepotea hata hivyo. Direkteri akaniambia kuna baba mmoja aliyekuwapo siku ile, alikata tamaa kabisa, akamtoa binti yake asiyeona mjini akahamia upande wa Lubero. Amesema kwa watu kwamba kipofu hasomi, yeye ameona mwenyewe.

Yaya, sikuombi unisamehe. Uliniamini mara moja tu na ndiyo iliyotosha. Ninakuahidi hili: Jumamosi narudi kwa mama yako, akiwa na neno au akiwa hana. Jumatatu ninaenda Lubero. Nitauliza parokia kwa parokia, soko kwa soko, mpaka nimpate yule baba, na nitamwambia jina langu kabla ya kumwambia kitu kingine.

Pumzika, mwalimu wangu. Vidole vyako havikukosea.

Kasereka