Mwamba Tulioufunga kwa Neno Lako

Kaka yangu Athmani,

Shikamoo. Mama hajambo, nasi sote tu wazima. Watu waliotoka Mombasa wametuletea salamu zako, wakasema unauliza kama bado tuna kinyongo. Mimi ninacho.

Unakumbuka ulivyotukalisha barazani kwa Mama, wanawake wote wa Mambrui tuliokuwa tukivua pweza maji yakipwa? Ulisema kwa upole kwamba fimbo zetu zinavunja matumbawe na samaki wadogo hawana tena pa kujificha. Ukaomba upande wa kusini wa mwamba usiguswe na mtu mpaka upone. Jirani yetu Bi Mgeni akakuuliza wanawe watakula nini. Mama ndiye aliyejibu.

"Mwanangu hasemi uongo. Namdhamini mimi."

Kwa neno hilo tukaacha. Ulikuwa msimu mgumu, kaka. Tulikwenda mbali tukirudi na vikapu vyepesi, na nyumba nyingine zilishinda kwa uji. Lakini hakuna aliyegusa kusini, na mwamba ukapona kweli. Siku moja ulinipeleka huko, ukanivisha miwani yako ya kuzamia, nikawaona samaki, pono na tafi, wamejazana chini yangu. Nililia ndani ya miwani, ukanicheka. Nilijivunia kuwa nduguyo.

Kisha ukapata kazi ya kutembeza wageni wa hoteli kwa mashua. Tulifurahi. Hatukujua unawapeleka wapi, hadi asubuhi ile ya bamvua, maji yalipokupwa sana, tulipokukuta kusini na mtaimbo mkononi, ukibandua matumbawe, wageni wakikuonyesha kwa kidole wanayoyataka. Mashua imejaa makome ya konokono wa bahari. Mama alikuwa mbele yetu. Ukamtazama, ukasema, "Mama, wanachukua kidogo tu."

Mama aligeuka, na wanawake aliokudhamini kwao wakampisha njia. Kesho yake waliingia kusini wote na fimbo zao. Ningewazuia kwa maneno gani? Yako?

Mama alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Bi Mgeni alimkaribisha ndani. Wengine walimsikiliza mlangoni. Wewe ulikuwa umeshahama.

Mtu mwingine angefanya vile, ningesema hakujua. Wewe ulijua, kaka. Wewe ndiye uliyetufundisha. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni.

Sasa tumeanza tena kufunga mwamba, mahali pengine. Bi Mgeni ndiye aliyelitaka jambo hili, na safari hii hakuna aliyemdhamini mwenzake. Kila mmoja ameahidi kwa kinywa chake mwenyewe.

Ukija, Mama amesema utapata chakula na kitanda, nami nitakupikia. Lakini ukiniona naelekea pwani na wenzangu, usinifuate. Wala usiniulize ni upande gani tulioufunga, kwa maana sitakuambia.

Mungu akulinde huko uliko.

Mimi mdogo wako, wa tumbo moja nawe.