Lori la Jeshi na Sauti Yangu Mbaya

Mama Neema, mke wangu, Bwana asifiwe. Mimi mzima, ila lori chakavu la jeshi nililonunua mnadani limeninyenyekeza.

Ulisema nilipake rangi ya maana kabla ya kuliendesha. Mimi mjuaji nikapaka ile ya maji, ya bluu, iliyobaki tulipopaka kanisa. Mvua ya Tinde ikaiosha yote, kijani cha jeshi kikarudi.

Leo mchana limenizimikia hapa Nyarugusu, katikati ya wachimbaji, nalo haliwaki bila kusukumwa na watu kumi. Walipoliona tu wakapiga kelele, "Wajeda! Tunafukuzwa!" wakatumbukia kwenye maduara, yale mashimo yao ya dhahabu. Hata mama lishe aliacha maharage jikoni akakimbia. Nikabaki peke yangu, mwanajeshi nisiyejua hata kupiga saluti.

Nikaomba. Kisha nikaimba pambio, kwa sauti ile unayoniambia niipunguze kanisani. Mtu akauliza kutoka shimoni, "Oya, mjeda gani anaimba kama mbuzi?"

Mwingine akajibu, "Huyo si mjeda, ni mzee wa kanisa. Tokeni tumsukumie, anyamaze!"

Wakatoka wakicheka, wakasukuma, likawaka. Naandika huku linanguruma, naogopa kulizima. Kadi hii ninayokuandikia nampa dereva wa basi, maana atafika kabla yangu.

Mungu akutunze, mama. Ukisikia mngurumo barabarani, usikimbie. Ukisikia naimba, waite majirani.

Baba Neema wako