Makofi ya Woga Wangu

Jumamosi, Mabatini, Mwanza

Najionea kinyaa. Leo kwenye sala ya jumuiya, mama mwenyekiti kanisimamisha mbele ya watu.

"Mwigeni dada Leokadia. Alipewa usimamizi wa kiwanda kipya cha minofu ya samaki kule Musoma, akakataa. Hana tamaa ya vyeo."

Wakanipigia makofi na vigelegele. Na mimi nikainamisha kichwa, eti mnyenyekevu!

Tamaa gani? Nilikataa kwa woga. Niliogopa kuharibu kazi, nifukuzwe, nirudi Mwanza nichekwe. Nikawaambia nimesali, Mungu hajafungua mlango. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nikamsingizia Mungu. Hadi leo nakagua sangara kiwandani palepale, nikinuka samaki vilevile.

Makofi ningeyavumilia. Lakini tulipotoka, Asteria, binti wa jirani, akanifuata. Ameitwa kazini benki, Dodoma.

"Dada, naogopa nitashindwa. Wewe ulijuaje kwamba ulipaswa kukataa?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Ila mama mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni, ananitazama huku anatabasamu.

"Sali kwanza, mdogo wangu," nikamwambia.

Akanishukuru. Jioni hii mama yake kapita kunipa habari: Asteria kaamua haendi.