Masanja, Ile Safari ya Meli Ilikuwa Inakufaa

Masanja, nkoi, rafiki yangu,

Nilikudanganya. Wewe na mkeo Minza, wote wawili nimewakosea, na wewe umeshazikwa bila kujua. Ulipokuwa umelala pale kwako unakohoa nilikuwa nakuletea maziwa na kukusimulia habari za mvua, rafiki mzuri kabisa. Mdomo ukanishinda. Leo naandika.

Ni habari ya ile meli.

Unakumbuka ule msimu wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, Ushirika ukabaki na magodauni matupu, sisi mawakala tukawa tunagombaniwa kama maharusi. Kampuni yetu ikasema wakala atakayekusanya pamba nyingi upande wetu atapelekwa Mwanza na mke wake, wapande meli, wazunguke ziwa, wale na kulala humo humo, muziki upo. Wakubwa tu. Mtoto haruhusiwi, hata wa mgongoni. Ukashinda wewe. Mimi nikawa wa pili, na meneja akasema mbele ya watu kwamba Masanja asipokwenda, nafasi ni ya Maduhu.

Kushindwa kwenyewe hakukuniuma sana. Watu wa Nkoma walikupenda, wakakuletea pamba yao, sawa. Kilichoniuma ni hayo maneno, wakubwa tu. Wewe una watoto mpaka wanalala wengine miguuni, wengine kichwani. Kwangu mimi na mke wangu Ng'washi kila siku ni wakubwa tu. Asubuhi wakubwa, jioni wakubwa. Nikasema moyoni, huyu Mungu kampa watoto, sasa anampa na safari ya kupumzika mbali nao? Kama kuna safari duniani inayomfaa Maduhu ni hii, na hii nayo kachukua Masanja.

Halafu ukaja kuniuliza mimi. Ulikaa juu ya robota la pamba, kofia mkononi, ukasema, "Nkoi, wewe ndiye uliyewahi kupanda meli. Niambie ukweli, itatufaa?"

Ulikuwa umeshawaza yote. Mama yako angetoka Nkoma aje akae na watoto. Yule wa mwisho alikuwa ameshaacha kunyonya. Ulichoogopa ni Minza asije akakaa huko anawawaza watoto, asile, asilale, safari ikawa adhabu. Ukasema tangu umuoe hajawahi kutembea mgongo mtupu, hata kisimani. Na kwamba ameshapeleka kitenge kwa fundi. Ulisema hivyo unacheka.

Jibu nilikuwa nalo. Mpeleke. Maneno mawili tu hayo, mpeleke, nkoi.

Nikaanza na za kutisha. Nikakwambia meli ya namna hiyo siyo ile ya mizigo niliyopanda mimi kwenda Bukoba nikatapika njia nzima. Nikasema kule wanawake wanalewa na wanacheza na mume wa yeyote. Ukacheka, ukasema wako utamshika mkono. Nikaona haijaingia. Ndipo nikasema ile nyingine, polepole, kama mtu anayekuonea huruma.

"Watamcheka Minza. Kiswahili chake kile, miguu yake ile ya jembe. Utamweka wapi?"

Ulikaa unatazama viatu vyako. Nadhani mpaka saa ile hukuwahi kumuona Minza kama mtu wa kuchekwa. Nilikuona ukianza kumuona hivyo, na nikafurahi. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo hasa, nilifurahi.

Kesho yake ukamwambia meneja hamwendi.

Tukaenda sisi. Sasa nikusimulie ukweli ambao sikukusimulia. Hakukuwa na walevi wa maana. Wanawake walitoka Maswa, Magu, wengine Meatu, na miguu yao ni ya jembe vilevile. Na wote, asubuhi mpaka jioni, mazungumzo yao ni watoto tu. Wangu sijui wamekula, wangu anaota meno. Mmoja alikuwa anafunga nyama kwenye leso ampelekee mwanawe, ikaoza, wenzake wakamcheka mpaka na yeye akacheka. Walicheza muziki, wakalala mchana, wakaamshwa na nani? Hakuna. Wakasema hawajawahi kulala namna ile. Minza angekaa pale kama yuko kwa dada zake.

Wakamuuliza Ng'washi, wako umewaacha na nani? Akajibu, "Na bibi yao." Nilisikia. Nikageukia maji. Niko kwenye nafasi yako, nakula chakula chako, na bado nawaonea wivu watu kwa sababu wana wa kuwawaza.

Niliporudi ukaniuliza, "Mlicheza?" Nikasema mpaka asubuhi. Ukatikisa kichwa, ukasema basi, Minza asingeweza. Na Ng'washi wangu akakuletea jogoo kukushukuru.

Hata mazishi yako niliyaonea wivu, Masanja. Watoto wako walipita mmoja mmoja kutupa udongo, wakubwa wamewashika wadogo, mstari hauishi. Nikawaza wangu atatupa nani. Mtu anamlilia rafiki yake huku anamhesabia watoto.

Tulipoanua matanga nilikaa na Minza, anabangua karanga. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema, "Shemeji, mwenzio alikuwa mtu mwema, ila mimi alinionea aibu. Ile ya meli aliniambia siwezi kukaa na watu. Basi, nikajua nilivyo." Akaendelea na karanga zake. Na mimi nikanyamaza tena, juu ya matanga yako.

Sasa Kabula wenu anaolewa Lamadi, kwa watu wa samaki, watu wenye gari. Minza amesema haendi. Kiti cha mama wa bibi harusi amempa shangazi yao, eti yeye atamtia mtoto aibu mbele za watu. Kabula amekuja kwangu analia, baba mdogo, mseme mama. Mimi huyo ndiye wa kumsema mama yake.

Siombi unisamehe, huwezi kujibu na mimi sitaki kujijibia. Ng'washi nitamwambia kesho, ajue yule jogoo alimpa mtu niliyemdanganya. Na Jumapili hii, tukitoka kanisani, naenda kwa Minza, nakaa chini mbele yake na mbele ya Kabula, namwambia neno kwa neno nililosema juu ya lile robota, hadi hilo la miguu. Akinifukuza nitatoka. Akitaka watoto wako wasiniite baba mdogo tena, wasiniite.

Lala, nkoi. Jumapili jua halitazama kabla Minza hajajua kwamba aliyemuona hafai nilikuwa mimi, na kwamba wewe ulikuja kuniuliza kwa sababu ulitaka kumpeleka.

Maduhu